Bi Somoe, Kobe na Hendeli ya Lori

Watu wa Kerege wakikuambia kwamba Bi Somoe binti Mwinyimvua alikuwa mtu mpole, ujue wanasema hivyo kwa kuwa amekwisha kufa, na maiti hasemwi vibaya. Alipokuwa hai walisema ana mdomo, na hawakumsingizia. Mdomo wa Bi Somoe uliamka kabla ya mwenyewe na kulala baada yake, na kutwa nzima haukumwogopa jumbe, wala mwalimu wa chuoni, wala yule karani aliyekuwa akipita na baiskeli amevaa soksi ndefu jua la mchana.

Kazi yake ilikuwa kukaanga vitumbua kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Alikuwa na kibanda cha makuti, kikaango, mwiko, na binti mmoja aliyeitwa Tabia. Mume alikuwa naye zamani. Mume huyo alikwenda Unguja kununua kanga za biashara akasahau njia ya kurudi. Majirani walipokuja kumpa pole, Bi Somoe aliwaambia pole wampe huyo aliyempokea kule, kisha akawauzia vitumbua.

Sasa hao kobe. Upande mmoja wa barabara ni bondeni, penye madimbwi na majani mabichi. Upande wa pili ni mashamba ya mikorosho na mihogo, ardhi ya mchanga, laini kuchimbika. Masika yakishika, kobe majike hupanda kutoka bondeni kwenda mchangani kutaga. Wamefanya hivyo tangu kabla Kerege haijaitwa Kerege. Zamani waliopita njia ile walikuwa watu kwa miguu na punda, na kobe na punda hawajawahi kugombana. Baada ya vita vya Hitila yakaja malori. Lori halimwoni kobe, na kobe akiliona lori anafanya jambo moja tu alilofundishwa na Mola wake, anaingiza kichwa ndani na kungoja shari ipite.

Wa kwanza kupondwa mbele ya Bi Somoe alipondwa na lori la chumvi. Bi Somoe alikuwa anakoroga unga akasikia gamba likipasuka. Alipofika, lori limekwenda zake, na kobe yule alikuwa na mimba. Mayai yametapakaa juu ya changarawe, meupe, mengine mazima bado. Mwanamke huyu ambaye hakumlilia mume alichutama katikati ya barabara akalia kwa sauti, hata vitumbua vikaungua. Alimwonea uchungu yule mama aliyetembea mwendo wote ule na mzigo wake tumboni akakatizwa hatua chache kabla ya kufika. Watu walicheka. Yeye akayafukia mayai, akanawa mikono, akaapa kwamba halipiti tena lori juu ya kobe yeye akiwa hai na anaona.

Kuapa ni rahisi. Dereva wa kwanza aliyesimamishwa na mwanamke mwenye mwiko alimuuliza kama amelewa. Wa pili alimpigia honi mpaka kobe mwenyewe akatamani kurudi alikotoka. Ndipo Bi Somoe akakumbuka kwamba Mungu amewapa watu wa pwani silaha bora kuliko mwiko, nayo ni utani.

Maana madereva wa siku zile wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, na hao ni watani wa watu wa pwani tangu babu zao waliposhuka Bagamoyo na pembe mabegani. Mtani hakasirikiwi. Akikuvua kofia unacheka, akila wali wako unamwongezea mchuzi, na akimtukana marehemu wako siku ya mazishi unampa chochote ili akupishe ukazike. Dereva anayeweza kumpiga kofi mwanamke wa barabarani hawezi kumkunjia hata uso mtani wake. Basi ikawa akitokea kobe, Bi Somoe anasimama mbele ya lori, anaamuru mashine izimwe kwa kuwa inamtisha mjamzito, kisha anapanda na kuitwaa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini mpaka ikohoe. Bila hendeli lori ni banda la kuku. Dereva anabaki pale kutukanwa, ukoo wake na miguu yake na chakula cha kwao, mpaka kobe amalize kuvuka kwa mwendo wake, na kobe hana haraka. Wale madereva walizoea. Wengine wakawa wanakuja na matusi yao waliyoyatunga njiani tangu Bunju, wakasikitika wasipomkuta kobe.

Kama kobe alikwama au kushikwa na woga, Bi Somoe alimbeba, na hapo alikuwa na sheria moja. Kobe havushwi kurudi alikotoka, huvushwa kwenda anakokwenda. Ukimrudisha anangoja uondoke, anaanza safari upya, na safari hii hupo.

Hayo yote yasingekuwa na neno kama si Tabia kufikia kuolewa. Posa ya kwanza ilitoka Kaole, watu wa heshima, na ilivunjika mchana huohuo ilipoletwa. Mama wa kijana aliuliza kama mtoto anajua kupika, na Bi Somoe akajibu kwamba anajua, ila hajawahi kumpikia mtu mwenye kichwa kama fenesi, kwa hiyo hana hakika kitalishwa vipi. Kijana kweli alikuwa na kichwa. Lakini si kila kilichopo husemwa, na posa ikarudi Kaole na kichwa chake.

Tabia hakumsikitikia yule wa Kaole. Posa ya pili ndiyo iliyomkosesha usingizi. Huyu alikuwa Mwinyijuma, fundi cherehani wa Bagamoyo, mwembamba, mcheshi, aliyeshuka siku moja kununua kitumbua kimoja, akamwona Tabia, akala vitumbua mpaka tumbo likawa linamtangulia. Alirudi kila alipopata safari, na asipopata safari aliitunga. Tabia alimpenda, na alimwambia mama yake waziwazi kwamba huyu akimkosa hataki mwingine. Walichongoja ni neno la baba mdogo wa kijana, Bwanausi, kwa kuwa baba mzazi alikwisha fariki. Bwanausi alikaa Tabora miaka ishirini akiendesha magari ya tajiri mmoja, na sasa amerudi na lori lake mwenyewe. Kerege hapakuwa na mtu anayemjua sura. Aliagiza kwamba atafika Ijumaa baada ya swala.

"Mama," Tabia alisema jana yake, "nakuomba kitu kimoja tu. Mpaka siku ya ndoa, usimtukane mtu."

Bi Somoe alifikiri sana. "Na mtani je?"

Tabia naye akafikiri. Ilikuwa masika. "Mtani mtukane," akasema.

Basi Ijumaa asubuhi kobe akatoka bondeni, jike kubwa, gamba pana kama sinia. Alikuwa katikati ya barabara lilipotokea lori lenye nazi. Bi Somoe akatoka na mwiko. Lori likasimama, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia.

Hicho ni Kinyamwezi, tena cha Tabora penyewe. Bi Somoe alikuwa hajamtukana mtu tangu jana, na kwake huo ulikuwa mfungo. Moyo wake ulifunguka. Hakutazama kwamba yule mtu amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, wala kwamba kofia yake ni ya viua iliyoshonwa na fundi wa pwani anayejua kazi. Alikwisha sikia alichotaka kusikia. Akamwamuru azime, akaitwaa hendeli, akaanza. Alimwambia kwamba kwao wamebebeshwa mizigo mpaka vichwa vikabonyea juu, ndiyo maana akili zimeteremkia magotini. Alimuuliza meno yale ni ya kwake au ameazimwa na punda. Alitaka kujua mama yake alimzaa au alimwokota njiani na pembe moja iliyovunjika.

Yule mtu alishuka, akaenda kumbeba kobe ili yaishe. Akamgeuza, akaanza kwenda naye bondeni.

"Unampeleka wapi?" Bi Somoe akafoka. "Katoka huko huyo. Hata njia ya kobe huijui, unaendesha gari?"

Mtu yule akageuka haraka. Kobe akigeuzwageuzwa hana la kujitetea ila moja, na hilo akalifanya. Kanzu ililowa tangu kifuani hadi magotini. Bi Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, kobe alipokwisha wekwa upande wa mikorosho na kwenda zake bila kuaga, akainuka akamvua yule mtu kofia, akaivaa yeye, akatangaza kwamba huo ni ushuru wa kobe.

"Mama, nirudishie kofia," yule mtu akasema taratibu. Na safari hii Kiswahili chake kilikuwa cha Bagamoyo kabisa. "Nakwenda kwa watu."

"Watu gani wakupokee wewe, unanuka mkojo?"

"Wakwe zangu. Namtafuta Bi Somoe binti Mwinyimvua. Nasikia anakaanga vitumbua hapahapa."

Bi Somoe aliutazama mwiko wake, akauficha nyuma. Akajibu kwamba hamjui, kwamba yeye mwenyewe ni mgeni. Kisha akaingia kwenye mihogo, kwanza kwa hatua za mtu mwenye adabu, halafu mbio, hendeli kwapani na kofia kichwani, na nyuma yake lori limesimama kimya kama kaburi.

Msomaji wa pwani haelezwi mkwe ni nini. Na mtani haelezwi. Hao ni watu wawili waliowekwa mbalimbali kwa makusudi. Mtani unamvua nguo, mkwe hata jina lake hulitamki ovyo, na ukikutana naye njiani unapisha majanini. Bi Somoe alikuwa amemfanyia mkwe yote ya mtani bila kubakiza, na mbele yake aliona jambo moja tu, uso wa Tabia akiambiwa kwamba Mwinyijuma basi.

Kaka yake Mtoro, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa baba wa Tabia na alikuwa nyumbani akimngoja mgeni, alisikiliza habari yote akiwa amefumba macho. Alikuwa mtu wa kuchukia kelele, na Mungu akampa dada yule. Akamsukuma nyuma ya pazia na kumwonya asiteme hata mate. Hilo halikuwa la ajabu, kwa kuwa siku kama ile mama wa binti hukaa pazia lake na maneno husemwa na wanaume. Bi Somoe akatandika kanga juu ya hendeli akaikalia. Tabia alikuwa uani akichemsha kahawa, na aliposikia sauti ya mjomba wake ikinong'ona kwa ukali, alisogea akasikia yaliyobaki.

Bwanausi alifika kwa miguu, kichwa wazi, kanzu imeanza kukauka na kuacha ramani. Alipewa maji, akapewa mkeka. Aliomba radhi kwa kuwahi na kwa harufu. Akaeleza kwamba amevamiwa na mwanamke barabarani, akanyang'anywa hendeli na kofia, na kwamba katika maisha yake hajatukanwa namna ile. Akauliza kama wanamjua.

Mtoro akakohoa. "Tunamjua. Ni kichaa tu, hana kwao."

Nyuma ya pazia Bi Somoe aliyasikia. Alikuwa na majibu matatu tayari ulimini, na lile la tatu lingemkalia Mtoro mpaka kufa. Akachukua pindo la kanga akalitia mdomoni akaling'ata. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo mtu alimsema mbele yake akanyamaza, na alinyamaza kwa ajili ya Tabia.

Bwanausi akaendelea. Alikiri kwamba aliwahi makusudi. Bagamoyo wamemwambia mama wa binti ana ulimi, naye alitaka kuja kabla hawajajiandaa, aone mwenyewe. Sasa ameona. Nyumba imetulia, hata sauti ya mwanamke haisikiki. Yeye hana la kuuliza tena, na wakitaka wasome fatiha waweke siku. Ila alikuwa na ombi dogo kwa watu wa Kerege. Yule kichaa waende naye kwa jumbe, aondolewe barabarani kabisa, asionekane tena pale.

Mtoro alisema litafanyika. Alikuwa tayari ameinua mikono kwa ajili ya fatiha.

Tabia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Alichotakiwa kufanya ni kuliweka chini na kutoka. Mwinyijuma alikuwa wake, umbali wa fatiha moja.

"Si kichaa, baba," akasema, "na ana kwao. Ni mama yangu. Yumo nyuma ya pazia hilo, na hendeli yako ameikalia."

Mikono ya Mtoro ilibaki hewani, haijui iende kifuani au usoni. Kisha pazia likatikisika chini, mkono ukatoka, ukaisukuma hendeli juu ya mkeka.

"Na kofia," Bwanausi akasema.

Mkono ukarudi ndani, ukatoka na kofia.

Bwanausi aliipukuta akaivaa. Halafu akasema neno refu la kiutu uzima, juu ya mtoto asiyemkana mzazi wake hata akipewa mume, na nyumba gani isingemtaka mtoto huyo, na Mtoro akaliitikia lote tangu mwanzo hadi mwisho kama aliyelitunga yeye. Ndoa ikapita. Bi Somoe alitozwa jogoo wa kuondoa lile tusi, na jogoo huyo alikuwa mkali, anafanana naye.

Lakini alipokuwa anavaa viatu mlangoni, Bwanausi alisema jingine, na alilisema akilitazama pazia.

"Kule Tabora walinitukana kila siku ya Mungu, nami nikawatukana. Tangu nimerudi, kila mtu ananipa shikamoo. Asubuhi nilidhani nimepata mtani. Kumbe mkwe."

Bi Somoe alilisikia hilo, na hakuna tusi lililomwuma kama hilo.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Yule kichaa hakupelekwa kwa jumbe. Kila masika lori la Bwanausi lilipofika pale lilipunguza mwendo lenyewe, na kama kobe yupo, lilizima. Yeye alitazama upande wa bondeni kwa heshima ya mkwe, Bi Somoe akajifunika kanga hadi puani, na kobe akavuka katikati yao bila kujua ametenganisha nini. Madereva wageni Bwanausi aliwaonya mwenyewe kule Bagamoyo kwamba pale Kerege wasimame, wasiposimama kuna mama atawavua suruali. Tabia na Mwinyijuma walikwisha zaa, na wajukuu walizijua habari za kobe kabla ya kujua kusoma.

Mtu angesema Bi Somoe alipata yote. Hakupata yote. Alikuwa na watani chungu nzima katika barabara ile, na wote walikuwa wa kawaida. Kila Bwanausi alipopita amenyoosha shingo amevaa kofia yake, matusi yalimjia Bi Somoe yenyewe, mazuri, mapya, yaliyomkaa yule mtu kama nguo ya kupimwa, naye akayameza. Alimwambia Tabia kwamba Mungu naye ana utani wake. Mtu mmoja tu duniani anayefaa kutukanwa, amemfanya mkwe kwa ndoa ya mtoto.

Bwanausi alikufa kwa homa, masika yakiwa yamekolea. Waliomzika walikuwa watu wengi na wastaarabu, na msiba ulikuwa mkavu. Watani wa malori walikuwa safarini, na wale wake wa Tabora hata wangepigiwa simu ya upepo wasingewahi. Hapakuwa na wa kumchekesha mjane, wala wa kumnyima maiti njia. Watu walikaa wameinamisha vichwa, na Bi Somoe alikaa na wakwe wenzake mahali pa mkwe, kimya, kichwa kimefunikwa, kama ipasavyo.

Jeneza lilipoinuliwa aliinuka. Akapita katikati ya wanawake, akatoka uani, akasimama mbele ya wanaume waliolibeba, akaifungua kanga usoni.

"Mnampeleka wapi mvivu huyu?" akasema. "Maisha yake yote kakaa kwenye kiti, gari ndilo lililotembea. Leo hata kukaa kumemshinda, kalala, watu wambebe. Na alivyo mzito. Bwanausi, nazi za watu ulikuwa unazila njiani, tulijua sote, tukakustahi."

Wanaume wakatazamana. Mtoro akasogea kumwondoa, aibu imemjaa uso mzima. Tabia akamshika mjomba wake mkono.

"Mwache," akasema. "Ni mtani wake."

Mjane ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kilichomponyoka na machozi yakiwa hapohapo, kisha wakacheka wengine. Bi Somoe hakucheka. Alikuwa na matusi ya miaka mingi na hakuna lililooza. Alimtukana kanzu, akamtukana masikio, akamtukana lori, akamtukana Tabora nzima iliyomlea vibaya. Wabebaji walisimama wakingoja, jeneza mabegani, na hakuna aliyemharakisha.

"Miaka yote nimekutunzia haya," akasema mwisho, "na wewe ukapita unatazama bondeni. Haya, nimesema. Amka unijibu."

Alingoja kidogo. Kisha akakaa chini mchangani akalia, na wanaume wakampita pembeni na jeneza lao.